Nasaba ya Mafuta Yaliyo Jirani na Chumvi

Katika nyanda za pwani ya Texas, kusini ya mji wa Beaumont, palikuwa na kilima kiitwacho Spindletop, kimo chake hakizidi mita tano hivi, ambacho mpanda farasi angeweza kukivuka asitambue kwamba amepanda wala ameshuka. Na lau si harufu ya kiberiti iliyofuka katika chemchemi za jirani, na hewa iliyotoka ardhini kwa vipovu na kushika moto ikikaribiwa na mwenge, pengine asingetokea mtu wa kukitazama mara ya pili. Walikitazama watu wawili. Wa kwanza ni Pattillo Higgins, mwenyeji wa Beaumont aliyekuwa na biashara ya matofali, ambaye kwa miaka mingi aliwashikilia wenzake kwamba pana mafuta pale hata wakamchoka. Na wa pili ni Anthony Lucas, mhandisi mzaliwa wa Dalmatia, ambaye kazi zake katika machimbo ya chumvi ya Louisiana zilikuwa zimemtia yakini kwamba vilima vya namna hiyo vimeinuliwa na chumvi iliyopanda kutoka chini, na kwamba penye chumvi hiyo hapakosi kiberiti na mafuta. Tarehe 10 Januari 1901, keekee ya ndugu wa Hamill, waliomchimbia Lucas, ilipokuwa imepita kina cha mita 300, kisima kilitapika matope, kikatapika mabomba ya chuma yenye uzito wa tani kadhaa, kikanyamaza kitambo, kisha kikarusha mafuta hewani kwa kimo kilichozidi mita 45, yasikome kwa siku tisa, kwa kiasi ambacho watu wa wakati ule walikikadiria kuwa mapipa 100,000 kila siku.

Tangu hapo wachimbaji walizifuata kuba za chumvi moja baada ya moja, wakapata mafuta katika nyingi na wakakosa katika baadhi, na ujirani huo wa vitu viwili, ulioonekana mara nyingi mno kuwa wa sadfa, ukazaa dhana kwamba una sababu ya damu: ama chumvi na mafuta ni ndugu waliotoka pamoja katika vilindi vya moto vya dunia, ama chumvi yenyewe kwa namna fulani ndiyo mzazi wa mafuta. Dhana hiyo haikuwa ya wajinga. Dmitri Mendeleev, mwanakemia wa Urusi aliyezipanga elementi katika jedwali, alikuwa ametangulia mwaka 1877 kutoa nadharia kwamba mafuta huzaliwa vilindini, maji yanapokutana na chuma kilichoungana na kaboni. Na mtu mwenye nadharia hiyo kichwani, akiiona nguzo ya chumvi iliyopanda kilomita kadhaa kutoka kusikojulikana, na mafuta yameizunguka, alikuwa na haki ya kusema kwamba ameuona mfereji wenyewe. Lakini ujirani ni jambo moja na nasaba ni jambo jingine, na nasaba ya mafuta imeandikwa ndani ya mwili wake, kwa herufi ambazo kemia ilijifunza kuzisoma pole pole katika miaka mia iliyofuata.

Tuanze na chumvi, maana ndiyo kubwa kwa umri. Mtu wa pwani yetu hana haja ya kufundishwa namna inavyopatikana, kwa kuwa mashamba ya chumvi ya Gongoni, ya Bagamoyo na ya Kilwa humwonyesha kila kiangazi: maji ya bahari huingizwa katika majaruba, jua na upepo huyapunguza, na kinachobaki chini ni chumvi. Asichokiona kwa wepesi ni taratibu ya kutuama kwake. Kila kilo ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za aina mbalimbali, nazo hazianguki pamoja. Hutangulia chokaa kidogo, kisha, maji yakisha kupungua hata yakabaki takriban humusi moja ya ujazo wake, huanza kuanguka jasi, ambayo ni kalisi, salfa na oksijeni zilizoshikana pamoja na maji. Na ni mpaka maji yabaki sehemu moja ya kumi ndipo chumvi ya kula inapoanza kufanya fuwele. Msomaji na aikumbuke jasi hiyo, kwa sababu ingawa ni chache na haina bei machoni pa mvuna chumvi, huko mbele ndiyo itakayotuelezea sehemu kubwa ya siri.

Miaka ipatayo milioni 170 iliyopita, bara kuu moja lililokusanya mabara yote ya leo lilipokuwa likipasuka, bonde ambalo sasa ni Ghuba ya Meksiko lilikuwa shimo pana lenye jua kali, lililofikiwa na bahari kwa mlango mwembamba tu. Bahari yenye kina cha mita 1,000 ikikauka yote haiachi chumvi ya unene wa mita 20. Na tabaka ya Louann, kama inavyoitwa chumvi ya bonde lile, mahali pengine ilifikia unene wa kilomita kadhaa. Hesabu hiyo peke yake yatosha kuonyesha kwamba maji hayakukauka mara moja, bali yaliingia na kupungua, yakaingia na kupungua, kwa muda mrefu usiokatika, kama kwamba jaruba lenyewe lilikuwa na ukubwa wa nchi na mfunguzi wake hakuchoka. Upande wetu wa dunia haukukosa fungu. Bara la kusini lilipoanza kuachana, na Madagaska ikaanza safari yake ya kutoka ubavuni mwa Afrika, maji yaliingia katika mabonde ya namna hiyo hiyo. Na katika bonde la Mandawa, baina ya Kilwa na Lindi, visima vilivyochimbwa na BP na Shell katika miaka ya 1950 vilikutana na chumvi nene iliyofukiwa pamoja na matope meusi yaliyogeuka mwamba. Mafuta ya kufaa kuuzwa hayajapatikana Mandawa. Gesi ndiyo iliyopatikana katika pwani hiyo ya kusini, Songo Songo mwaka 1974 na Ghuba ya Mnazi mwaka 1982.

Chumvi iliyofukiwa haina tabia ya mawe mengine. Matope na mchanga vinapoelemewa na mashapo yanayozidi kuja juu yake hukamuliwa maji, vikashikana, vikazidi kuwa vizito kila vinaposhuka. Chumvi haikamuliki, na uzito wake, mara 2.2 hivi ya uzito wa maji, hubaki ule ule kwa kina chochote. Hivyo hufika wakati, baada ya kilomita moja au mbili za kufukiwa, ambapo kilicho juu ni kizito kuliko kilicho chini. Na kwa kuwa chumvi, ingawa huvunjika kwa nyundo, hutiririka ikisukumwa taratibu na kwa muda mrefu, huanza kukimbia kule inakoelemewa zaidi na kupanda kule inakoelemewa kidogo, mithili ya unga uliokandwa unaotokeza katikati ya vidole vya mpishi. Mwendo wake kwa mwaka ni mdogo hata haufai kutajwa, lakini miaka ni mamilioni, na nguzo zilizopatikana kwa njia hiyo zina urefu wa kilomita nyingi na upana wa kilomita moja hata nne au zaidi. Wepesi huo wa chumvi ndio uliowafaa watafutaji baadaye: mwaka 1924, mizani ya Loránd Eötvös, Mhungari, yenye kuhisi tofauti ndogo kabisa za mvutano wa ardhi, iliionyesha kuba ya Nash huko Texas mahali ambapo jicho halikuona kilima wala chemchemi.

Sasa tuyatazame mafuta. Ukiyapima kwa elementi zake ni kitu sahili mno: kaboni ni baina ya sehemu 83 na 87 katika mia kwa uzito, haidrojeni baina ya 10 na 14, na kilichosalia ni salfa, naitrojeni na oksijeni, pamoja na chembe haba za metali kama vile vanadi na nikeli. Chumvi ni sodiamu na klorini, basi. Mwenye kutoa sharti awe nacho; na chumvi, isiyo na kaboni wala haidrojeni, haina cha kuyapa mafuta hata ikikaa nayo milele. Hoja hii ingetosha kumaliza daawa ya uzazi, lakini haimalizi daawa ya udugu, kwa sababu yawezekana vitu viwili visivyofanana vikatoka shimo moja. Na ili kuimaliza hiyo hapana budi kuyauliza mafuta yenyewe yametoka wapi.

Mafuta yametoka katika uhai. Bahari yenye rutuba imejaa mwani na vijimea visivyoonekana kwa jicho, ambavyo huishi kwa jua siku chache, hufa, na kuzama. Na aghalabu huliwa au huoza kabla ya kutua, hata sehemu inayosalia katika mashapo ni chini ya moja katika mia ya yote yaliyozaliwa juu. Lakini penye maji yaliyotulia mno, ambapo oksijeni ya chini imekwisha na viumbe walao mizoga hawawezi kuishi, masalia hayo hukusanyika katika matope laini, yakayatia weusi, yakafukiwa nayo. Huko chini hupoteza kwanza maji na oksijeni, yakajifunga yakawa kerojeni, dutu ngumu isiyoyeyuka katika maji wala katika spiriti. Na kerojeni hiyo hukaa kimya mpaka ardhi itakapoishusha mahali penye joto la nyuzi 60 hivi za Selsiasi. Hapo molekuli zake kubwa huanza kukatika vipande, na kutoka joto hilo mpaka karibu na nyuzi 120 au zaidi kidogo vipande hivyo ni mafuta. Joto likizidi sana hapo, hata mafuta hukatika, yakawa gesi. Katika pwani ile ya Texas na Louisiana, ambako joto huongezeka kwa nyuzi 25 hata 30 kwa kila kilomita, hiyo ina maana ya kufukiwa kilomita mbili, tatu, nne, na kungoja mamilioni ya miaka; ilhali katika maabara, mwamba ule ule ukifungiwa na maji katika chombo cha chuma na kupashwa moto wa nyuzi zinazozidi 300, hutoa mafuta kwa muda wa siku tatu. Joto na wakati hufidiana.

Kinachotoka katika tanuri hiyo si kitu kimoja. Kaboni ina kipaji, ambacho hakuna elementi nyingine inayokifikia, cha kushikana na kaboni nyenziwe bila ya kikomo, na mafuta yamekusanya karibu kila namna ya kushikana huko: minyororo iliyonyooka, ambayo ndiyo parafini, nta ya mishumaa ikiwa miongoni mwake; minyororo yenye matawi; pete za kaboni tano au sita, ambazo ni nafthini; pete za jamii ya benzini; na mwisho molekuli nzito zenye pete nyingi zilizobeba salfa na naitrojeni, ambazo hutia mafuta weusi na kubaki kama lami vyepesi vinapovukizwa. Uwiano wa makundi haya hutofautiana kutoka kisima hadi kisima, na mtaalamu mwenye uzoefu huusoma kama hakimu asomavyo mashahidi, akitafuta nani amesema kweli tangu mwanzo na nani amebadilika njiani.

Shahidi wa kwanza aliyesikika vema aliletwa na Alfred Treibs, mwanakemia wa Munich, katika miaka ya 1934 hadi 1936. Alitenga katika mafuta na katika mawe ya mafuta molekuli ziitwazo porfirini, pete kubwa iliyofumwa kwa pete ndogo nne zenye naitrojeni, yenye metali katikati. Na umbo hilo halikuwa geni, kwa maana ndilo umbo la klorofili inayotia majani ukijani, na la hemu inayotia damu wekundu. Kilichobadilika ni kwamba magnesi ya jani ilikuwa imeondoka na vanadi au nikeli imekaa mahali pake, na mikia kadhaa imekatika kwa joto na umri. Maumbile yasiyo na uhai hayana sababu ya kufuma pete ya namna ile kwa wingi ule. Fauka ya hayo, porfirini huharibika kwenye moto mkali, na kule kuwamo kwake katika mafuta ni burhani kwamba mafuta hayo hayakupitia katika tanuri za vilindi ambazo nadharia ya Mendeleev ilizihitaji. Sioni katika sayansi ya ardhi ugunduzi mwingi uliofanywa kwa vyombo vichache hivyo ukabomoa nadharia kubwa hivyo, na jina la Treibs lastahili kujulikana kuliko linavyojulikana.

Baada yake walikuja mashahidi wengine wenye habari za ndani zaidi, wakataja mpaka zama na mahali. Katika mafuta mengi ya pwani ya Louisiana hupatikana oleanane, masalia ya utomvu wa mimea itoayo maua. Na kwa kuwa mimea hiyo haikuenea duniani ila katika zama za Kretasi na baada yake, mafuta yenye alama hiyo kwa wingi hayawezi kuwa yalipikwa na matope ya Jura yaliyolala jirani na chumvi, bali yalitoka katika matope machanga zaidi, yaliyopokea majani na chavua kutoka mitoni. Mafuta mengine ya bonde lile hayana alama hiyo, na alama zake nyingine huyarudisha kwenye chokaa nyeusi za Jura, ambazo zilitandikwa juu ya chumvi baada ya bahari kujaa kikweli. Kwa vyovyote, mama zake wote ni wachanga kuliko chumvi, na walilala juu yake. Chumvi ilitangulia, mafuta yakazaliwa baadaye katika nyumba nyingine, na kilichowakutanisha ni safari.

Safari hiyo chumvi ndiyo iliyoitengeneza, na hapa ndipo inapostahiki sifa yake ya haki. Nguzo inapopanda huyapinda matabaka ya mchanga iliyoyatoboa, ikayainua kingo kuelekea juu, ikayapasua nyufa. Na mafuta, ambayo ni mepesi kuliko maji na hupanda kupitia vitundu vya mchanga mpaka yazuiwe, huufuata mwinamo huo hadi yanapogonga ubavu wa chumvi, usio na kitundu cha kuyapitisha, yakakusanyika hapo. Wachimbaji wa Spindletop hawakuijua habari hii. Walichimba juu ya kichwa cha kuba tu, wakavuta mwaka 1902 mapipa zaidi ya milioni 17, wakasongamanisha visima kama miti ya msituni, na mwaka 1904 uwanja ulikuwa umeshakauka kiasi cha kuhesabiwa kuwa umekwisha. Mpaka mwaka 1925 kampuni ya Yount-Lee ilipochimba ubavuni, kwa kina zaidi, na mavuno ya mwaka 1927 yakayapita yale ya 1902. Fadhila nyingine ya chumvi haionekani kwa keekee: hupitisha joto mara mbili hata tatu kuliko matope, kwa hiyo nguzo yake hufanya kazi ya dohani, ikayapoza matabaka yaliyo chini yake na kuyapasha yaliyo juu, hata mafuta yaliyofukiwa chini ya chumvi nene huweza kubaki mafuta kwa kina ambacho pengine popote yangekuwa gesi. Ama kuhusu uaminifu wake wa kuzuia, serikali ya Marekani imeutegemea tangu miaka ya 1970 kwa kuhifadhi akiba yake ya mafuta katika mapango yaliyochongwa kwa maji ndani ya kuba za chumvi za Texas na Louisiana, mapango yenye nafasi ya mapipa zaidi ya milioni 700. Chumvi haiyanywi mafuta hayo wala haiyageuzi.

Nimeiacha makusudi sehemu niipendayo kuliko zote katika habari hii, nayo ni kifuniko cha mawe kilichokaa juu ya vichwa vya kuba. Nguzo inapofika karibu na uso wa ardhi hukutana na maji baridi ya chini kwa chini, na maji huiyeyusha. Lakini ile jasi iliyotuama pamoja nayo katika jaruba la kale, ambayo kwa kufukiwa imekamuliwa maji ikawa anhidraiti, haiyeyuki kwa wepesi, bali hubaki na kujikusanya chembe juu ya chembe. Ikiwa katika chumvi mna sehemu tano tu za anhidraiti katika mia, kila mita moja ya kifuniko ni athari ya takriban mita ishirini za chumvi zilizokwenda na maji. Na viko vifuniko vyenye mamia ya mita. Yamkini mtu akatarajia kwamba kifuniko chote kitakuwa anhidraiti. Sivyo. Chini kabisa ni anhidraiti, kisha jasi, na juu yake, mahali pengi, ni chokaa yenye matundu na mapango, na katika mpaka wa hiyo jasi na chokaa pengine hukaa salfa, kile kiberiti cha njano, kwa mamilioni ya tani. Kiberiti hicho ndicho Herman Frasch alichokitoa Louisiana mwezi wa Desemba 1894 kwa kukisukumia maji ya moto mkali kwa mabomba, kikayeyuka chini na kupandishwa kimiminika, baada ya waliomtangulia kushindwa kuchimba shimo kwa sababu ya mchanga wenye maji na hewa ya sumu. Na kabla ya muda mrefu Sisilia, iliyokuwa ikiulisha ulimwengu salfa, ikapoteza soko lake.

Chokaa hiyo imetoka wapi, na kiberiti hicho kimetoka wapi, ilhali maji ya jaruba la kale hayakuacha hapo ila anhidraiti? Jawabu ni bakteria. Wako vijidudu ambavyo, penye ukosefu wa oksijeni ya hewa, hupumua kwa oksijeni iliyofungwa katika salfati, na chakula chao kikiwa ni gesi na mafuta yanayopanda kandoni mwa nguzo, huvunja anhidraiti na mafuta pamoja: kalisi ya anhidraiti hushikana na kaboni ya mafuta ikawa chokaa, salfa hushikana na haidrojeni ikawa ile hewa inayonuka mayai viza, na maji hubaki. Hewa hiyo ikikutana na oksijeni kidogo iliyoletwa na maji ya mvua, salfa huachwa peke yake, ikaganda. Harufu iliyomvuta Higgins katika chemchemi za Spindletop ilikuwa ndiyo pumzi ya vijidudu hivyo.

Ithibati yake ilitolewa mwaka 1957 na Herbert Feely na Laurence Kulp, kwa kupima kaboni ya uzito wa 12 na ile ya uzito wa 13. Mimea huipendelea ile nyepesi, na mafuta huirithi kutoka kwao. Chokaa ya kawaida, iliyotuama kutoka katika maji ya bahari, haina upungufu huo wa kaboni nzito. Chokaa ya vifuniko vya kuba ilipopimwa ilionekana kuwa na upungufu ule ule wa mafuta, na salfa nayo ilikuwa na alama ya kupitia katika miili ya bakteria, ambao huipendelea salfa nyepesi vivyo hivyo. Maana yake ni hii: yale mapango ya chokaa ambamo mafuta ya mwaka 1901 yalikuwa yamengoja yalijengwa kwa kaboni ya mafuta yaliyotangulia, yakaliwa, yakageuka jiwe, na jiwe likawa ghala la mafuta yaliyofuata.

Hata hayo yaliyofuata hayakusalimika. Mafuta ya kifuniko cha Spindletop yalikuwa mazito na yenye salfa, hayakufanana na yale mepesi ya Pennsylvania yaliyotoa mafuta ya taa mazuri, na kwa hiyo yalipelekwa kwa wingi kwenye tanuri za meli na za magari ya moshi. Mwaka 1934 Donald Barton, mtaalamu hodari wa jiolojia ya pwani ile, aliyakusanya mafuta ya visima vingi akaona kwamba yaliyo karibu na uso wa ardhi ni mazito, yenye nafthini nyingi na parafini haba, na yaliyo chini zaidi ni mepesi yenye parafini. Akakata shauri kwamba mafuta huzaliwa mazito na hutakata kwa kadiri ya joto na umri. Kuhusu nguvu ya joto alisema kweli. Lakini uzito wa mafuta ya juu ulikuwa na sababu nyingine, iliyothibitika baadaye: penye joto lisilofika nyuzi 80 bakteria huyala mafuta, wakianza na minyororo iliyonyooka iliyo rahisi kumeng'enywa, wakifuatia yenye matawi, wakiziacha pete na lami. Barton alikuwa ameuona uchakavu akaudhania kuwa ni utoto.

Iko nchi moja ambako daawa ya udugu wa chumvi na mafuta ina nguvu kuliko Texas, nayo ni Oman, ambako Kiswahili hakijakoma kusemwa majumbani. Katika jangwa la ndani mna vilima sita ambavyo chumvi imetoboa mpaka juu, miongoni mwake Qarn Sahmah, Qarat Kibrit na Qarat al Milh. Nayo chumvi yake, ya tabaka ya Ara, ilitandikwa miaka ipatayo milioni 540 na ushei iliyopita, wakati nchi kavu haikuwa na jani wala mdudu. Bahari ya Ara ilijaa na kukauka mara kadhaa. Kila ilipojaa, vijidudu vilitandika chokaa na matope yenye rutuba. Kila ilipokauka, chumvi iliyafunika. Na chumvi ilipoanza kutembea iliyakata matandiko hayo vipande vipande ikavimeza, hata leo, kwa kina cha kilomita tatu hata tano na zaidi, vimefungwa humo pande zote. Vingi vya vipande hivyo ni mwamba mama na ghala kwa pamoja. Na huko Al Noor mna pande la silika laini, unene wake hufika mita 400, ambalo mafuta yalizaliwa ndani yake yakabaki ndani yake, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kutoka. Mtu akiona mafuta yaliyozungukwa na chumvi tangu kuzaliwa kwake, anawezaje kukana udugu?

Mafuta yenyewe ndiyo yanayoukana. Hayana oleanane, kama inavyopasa kwa zama zilizotangulia maua. Yana kaboni nyepesi kupita mafuta mengi ya dunia. Yana minyororo ya namna ya pekee, yenye tawi moja dogo katikati, ambayo huyatambulisha popote yalipohamia. Na katika miamba mikongwe zaidi ya Huqf, jamii ambayo tabaka ya Ara ni sehemu yake, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 635, yamepatikana masalia ya steroidi ambayo uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009 uliyanasibisha na sifongo wa kale, jambo ambalo wataalamu wangali wakilibishania, wengine wakisema kwamba mwani ungeweza kuyatoa. Ubishi huo ni juu ya kiumbe gani, si juu ya kwamba palikuwa na kiumbe. Chumvi ya Ara ilikuwa jela, tena jela yenye ukuta usio kamili: mafuta yaliyozaliwa mahali pasipo na njia hujisukuma, na shinikizo lake lilipokaribia uzito wa miamba yote iliyo juu, lilipanua mipaka baina ya fuwele za chumvi na mafuta yakapenya. Sampuli zilizotolewa visimani huko Oman zimeonyesha chumvi nyeusi karibu na vipande hivyo, weusi wake ukiwa ni lami iliyoganda katika nyufa nyembamba mno. Shinikizo liliposhuka nyufa zilijifunga, na mafuta yaliyosalia yakafungiwa upya. Wachimbaji wa vipande vya Ara hulikadiria shinikizo hilo kabla ya kutoboa, kwa sababu kipande kimoja huweza kuwa nalo kamili, na jirani yake, aliyewahi kuvuja, asiwe nalo.